Tulisoma saba, tukakosea saba: Siri ya kuandika pembeni mwa ukurasa

Fungua wimbo wowote wa rapu ya Nairobi kwenye YouTube, kisha ushuke hadi kwenye komenti. Hutakosa msee aliyeandika dakika na sekunde, halafu akauliza: "Hapa anamaanisha nini?" Chini yake watu wanaanza kumjibu. Mmoja anasema hilo ni jina la kituo cha matatu. Wa pili anakataa katakata. Wa tatu, ambaye ni wazi alizaliwa zamani kidogo, anashuka na historia nzima ya neno lenyewe. Hakuna mwalimu, hakuna alama, hakuna anayeita rejista, na bado mstari mmoja wa wimbo unachambuliwa kuliko tamthilia nzima ya darasani. Kalamashaka kutoka Dandora walituonyesha mapema. Wimbo wao uliovuma mwishoni mwa miaka ya 1990 waliuita "Tafsiri Hii", na watu wakatafsiri.

Sasa mpe msee huyo huyo makala ya kurasa 12 kutoka kwa mhadhiri. Ataipakua, ataiweka kwenye folda pamoja na nyingine 40, na usiku wa kuamkia mtihani utamwona kwenye WhatsApp: "Wasee, nani ako na notsi?" Najua kwa sababu msee huyo nilikuwa mimi.

Watu wazima hupenda kusema vijana wa siku hizi hawasomi. Mimi naona tatizo liko kwingine. Kinachotushinda ni kukwama peke yetu. Kwenye wimbo ukikwama unauliza hapo hapo ulipokwamia. Kwenye makala ya mhadhiri ukikwama ukurasa wa tatu, una njia mbili: kujifanya umeelewa, au kulala.

Iko njia ya tatu, na wengi wetu tuna vifaa vyake mkononi. Andishi moja linawekwa mtandaoni, wanafunzi wote wanalisoma, na kila mmoja akikwama analigusa neno lililomkwamisha na kuandika pembeni. Swali linakaa kando ya mstari uliolizaa, na jibu linakuja kukaa chini yake. Nimeijaribu njia hii, imenifaa, na wakati mmoja nimeiharibu mwenyewe. Wacha nisimulie yote mawili.

Serikali ilipofunga shule na vyuo Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea ualimu wa Kiswahili. Nilirudi kwa nyanya, Vihiga. Masomo yakahamia Zoom. Waliosoma wakati ule wanakumbuka: video ilikuwa inakula bando kama matatu inavyokula mafuta ikiwa kwenye jam. Unanunua bando ya mbao, na kabla mhadhiri amalize kuuliza "mnanisikia?" imeisha. Kwetu mtandao ulipatikana chini ya mparachichi pekee, tena ule upande unaotazama barabara. Mvua ikinyesha, siku hiyo huna chuo.

Tulikuwa saba kwenye kikundi chetu cha masomo. Mmoja wetu aliyekuwa Kakamega ndiye aliyetoa wazo: tuachane na video, tuyachape mashairi tuliyopewa kwenye Google Docs, kila mtu apewe ruhusa ya kuandika komenti. Maandishi hayali bando. Unaingia, unasoma beti tatu, unauliza lako, unatoka kwenda kukamua ng'ombe. Ukirudi jioni unakuta umejibiwa.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa mashairi ya Muyaka bin Haji, yule bingwa wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka wa 1840. Kama umesoma Kiswahili chako bara kama mimi, Muyaka anakunyoosha. Kimvita chake cha zamani kina maneno ambayo kamusi ya mfukoni haiyatambui. Nikakutana na neno "mato". Nikaligusa na kuandika kwa ujasiri wangu wote: "Makosa ya chapa. Nafikiri ni MOTO." Wenzangu wawili wakaandika +1.

Mwendo wa saa nne usiku ikaingia komenti kutoka kwa msichana wa Mombasa ambaye, kwa miaka miwili tuliyoketi ukumbi mmoja, sikuwahi kuisikia sauti yake. Aliandika: "Mato ni macho. Nyanyangu asema hivyo mpaka leo."

Hakuongeza kitu. Lakini shairi lote lilikuwa limegeuka. Pale nilipokuwa naona nyumba inaungua, kumbe palikuwa na mtu anatazama.

Nilijiuliza kwa nini hakuwa akisema darasani. Jibu si gumu. Ukumbi ulikuwa na watu karibu 200, maikrofoni moja, na sisi watano au sita wa viti vya mbele tuliozoea kuinua mkono kabla swali limalizike. Tulikuwa na sauti, yeye alikuwa na Kimvita. Pembeni mwa ukurasa hakuna viti vya mbele, na hakuna anayekukata kauli. Unaweza kuandika sentensi yako, ukaifuta, ukaiandika tena, kisha ndipo ukabonyeza.

Tangu siku ile tulimuuliza kila kitu, naye akawa anamuuliza nyanyake. Komenti zikawa zinaanza kwa "Nyanya asema..." na mara nyingine "Nyanya acheka, asema mumepotea." Bibi huyo hakuwa na simu janja wala barua pepe, lakini bila shaka alikuwa mwanachama wetu wa nane.

Baadaye niligundua kwamba hatukuwa tumebuni lolote. Mashairi ya Muyaka yenyewe yametufikia kwa njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya mashairi hayo, miongo kadhaa baada ya mtunzi kufariki, akayaandika kwa hati za Kiarabu. Mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, akawa anamuuliza maana na kuandika maelezo. Nani anatajwa hapa, vita gani hivi, neno hili lilikuwa na maana gani zamani. Karatasi hizo ziko London hadi leo, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Zilimfaa William Hichens alipochapisha diwani ya Muyaka mwaka wa 1940, na zikamfaa tena Mohamed Abdulaziz alipotoa kitabu chake kuhusu mshairi huyo mwaka wa 1979. Mengi ya yale maelezo yaliyoandikwa na Taylor yalitoka kinywani mwa Sikujua. Bila mwenyeji wa Mombasa wa kueleza, wengine wote tungekuwa tunasoma "moto".

Hadi hapo unaweza kufikiri nakuuzia dawa. Ngoja.

Kufikia Juni kikundi kilikuwa kimebadilika. Mimi ndiye niliyekuwa na mtandao wa afadhali asubuhi, kwa hivyo mimi ndiye nilifika kwenye ukurasa kwanza. Nikaacha kuuliza, nikaanza kueleza. Komenti zangu zikawa ndefu, zenye "kwa hakika" na "ni wazi kwamba". Wengine wakifika jioni wanakuta kazi imekwisha. Wanaandika +1 na kwenda zao. Kuna mmoja, na sitamtaja maana sasa ni mtu mzima mwenye familia, aliyekiri baadaye kwamba kwa wiki tatu hakuwa akisoma mashairi kabisa. Alikuwa anasoma komenti zangu.

Likaja shairi moja la mafumbo. Nikalisoma mara moja, nikaamua ni la mapenzi: mtu anamwita mpenzi wake aje, mpenzi anasita. Niliandika aya mbili nzito. Zikapata +1 tano.

CAT ikatumwa kwa barua pepe, na swali la kwanza likawa shairi lile lile. Tukajibu. Matokeo yalipotoka, wote saba tulikuwa tumefeli swali hilo, tena kwa maneno yanayofanana kiasi kwamba mhadhiri alitaka kujua nani alinakili kwa nani. Shairi halikuwa la mapenzi hata kidogo. Lilikuwa la siasa. Muyaka aliishi enzi ambayo Mombasa ya akina Mazrui ilikuwa inapimana nguvu na Seyyid Said wa Oman, na wito ule "njoo" ulikuwa wa kumchokoza adui ajaribu kuja aone.

Nilirudi kwenye dokumenti kutafuta tulipokosea. Kwenye Google Docs, komenti ikibonyezwa ile alama ya tiki haifi. Inaondoka machoni, lakini inabaki kwenye historia ya komenti. Nikaifungua historia. Hapo nikaikuta. Yule msichana wa Mombasa alikuwa ameandika dakika chache baada yangu: "Mimi naona hapa ni vita. Nyanya asema maneno haya ni ya kutishana." Baadaye, +1 ya tatu ilipoingia chini ya maelezo yangu, akairudia komenti yake, akaibonyeza tiki na kuifunga. Hakuna aliyeiona. Katika mtihani akaandika jibu langu.

Nilimpigia simu. Nilitarajia anikasirikie. Alisema tu: "Ulivyoandika, nlidhani wajua. Na wote mwakubali. Kwani mimi n'nani?"

Hiyo simu nimeikumbuka sana. Msichana aliyekuwa amenyamazishwa na ukumbi wa watu 200 alipata mahali pa kusemea, na mimi nikaja nikamnyamazisha tena, safari hii kwa maandishi. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa tu nimefika mapema na kuandika kama mtu asiye na shaka.

Wanasaikolojia wanalijua jambo hili. Mapema miaka ya 1950, Solomon Asch aliwaonyesha watu Marekani mistari michache kwenye kadi na kuwauliza ni upi unaolingana na mwingine. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini chumbani aliwaweka watu wake aliopatana nao watoe jibu la uongo kwanza, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walifuata kundi katika kosa angalau mara moja. Na hapa ndipo penye utamu: Asch alipomweka mtu mmoja tu chumbani anayetoa jibu sahihi, watu waliofuata kundi walipungua sana. Mmoja tu anatosha. Komenti ile iliyofungwa kwa tiki ingetosha.

Tulifanya kikao, tena chini ya mparachichi kwa upande wangu, tukabadilisha mtindo. Kila mtu alisoma shairi kivyake kwanza na kuandika maswali yake matatu kwenye karatasi, kabla ya kufungua dokumenti. Siku mbili za kwanza ilikuwa marufuku kuandika jibu, ni maswali pekee. Na hakuna komenti kufungwa isipokuwa sote tumekubaliana. Anayefikiri tofauti aache neno lake hapo hapo hata kama ni peke yake. Kwa upande wangu niliongeza sharti ambalo sikumwambia mtu: nisiwe wa kwanza. Ilinichoma, maana mtu akishazoea kuonekana anajua, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kusoma.

Kikundi kilipungua kasi. Shairi lililokuwa likituchukua jioni moja sasa lilichukua siku nne. Kuna waliolalamika. Lakini yule aliyekuwa anasoma komenti zangu alilazimika kusoma Muyaka, kwa sababu huwezi kubuni maswali matatu kuhusu kitu ambacho hujakifungua. Umewahi kujaribu? Jibu unaweza kunakili. Swali lako mwenyewe utalitoa wapi?

Vyuo vya mbali vimeligeuza jambo hili kuwa mfumo kamili. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, amekuwa tangu miaka ya 1990 akipunguza mihadhara na kuwataka wanafunzi wajadiliane wao kwa wao. Yeye na wenzake wakaunda programu ya Perusall, ambamo darasa zima linasoma kitabu kimoja mtandaoni na kuulizana pembeni kabla ya kipindi. Katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 2018, wanafunzi wengi walikuwa wanamaliza kusoma kabla ya darasa, na walifanya vyema zaidi katika mtihani kuliko kundi lililosoma bila programu hiyo. Kumbuka kwamba waliotafiti ndio waliounda, kwa hivyo pima mwenyewe. Kitu kimoja sikipendi: programu hiyo inaweza kuzipa komenti alama yenyewe. Sisi Wakenya tunajijua. Ukiweka alama kwenye komenti, utapata komenti 40 za "nimeipenda hoja hii" na hakuna aliyesoma.

Mimi nikishauri, naanza na vya bure. Google Docs inatosha kwa kikundi kidogo, mradi mwenye dokumenti awape wenzake ruhusa ya kukomenti pekee, la sivyo kuna siku utakuta ubeti mzima umefutwa na kidole cha mtu aliyelala na simu. Kwa kurasa za mtandaoni ambazo si zako, iko Hypothesis, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 2011 kama shirika lisilo la faida. Inakuwezesha kuandika pembeni mwa ukurasa karibu wowote bila kuugusa ukurasa wenyewe. Kuwa makini hapo: usipochagua kikundi chako, unachoandika kinaonekana na dunia nzima. Swali lako la aibu la saa saba usiku halihitaji hadhira hiyo. Na kwenye simu inasumbua kidogo, ni rahisi zaidi kwa kompyuta ya saiba au ya maktaba.

Kwa walio shule za upili najua hali ni nyingine, maana shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Hilo linawaachia likizo. Lakini hata bila mtandao, kitabu kimoja cha Nguu za Jadi kikizungushwa kwa madawati manne, na vijikaratasi vya maswali vikibandikwa ndani, kitafanya kazi ile ile. Mwongozo unakupa majibu ya maswali ambayo hujawahi kuuliza, ndiyo maana ukitoka kwenye mtihani umesahau yote.

Halafu kuna jambo la PDF. Tuseme ukweli, makundi mengi ya kusoma mtandaoni yanaanza na mtu kupiga kitabu picha ukurasa kwa ukurasa na kukimwaga kwenye kikundi. Kwa sheria ya Kenya, kazi ya fasihi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwandishi wa kitabu unachosoma darasani pengine yuko hai, analipa kodi ya nyumba kama wewe. Mnunue nakala chache mchangie, halafu mtandaoni mwandike nambari ya ukurasa na maswali yenu, bila kumwaga kitabu chenyewe. Mkitaka cha bure kabisa, mashairi ya kale yapo. Muyaka yuko. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka wa 1858, yuko pia.

Najua kuna atakayeniuliza: kwa nini mateso yote haya, na siku hizi unaweza kuipa akili unde PDF ikakupa muhtasari kwa sekunde kumi? Naitumia pia, sitadanganya. Lakini inanikumbusha mtu mmoja: mimi, Juni 2020, chini ya mparachichi. Inafika kwanza, inaandika kirefu, na haionyeshi shaka. Na ukishasoma jibu lake, ni vigumu kurudi kuona ulichokuwa ungeona wewe.

Yule msichana wa Mombasa sasa ni mwalimu. Nyanyake alifariki mwaka juzi. Nilipompigia kumpa pole aliniambia amekuwa akirudi kwenye ile dokumenti yetu, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo maneno ya nyanya yameandikwa, moja moja, kando ya mistari iliyomfanya aulizwe.

Nikaifungua na mimi usiku huo. Komenti zote zipo, hata ile yangu ya "moto". Kwenye shairi la mwisho kuna swali la yule wetu wa Kakamega, la Agosti 2020: anataka kujua ndege anayetajwa kwenye ubeti wa pili ni ndege gani hasa. Hakuna aliyemjibu. Nikaligusa, nikaandika: "Hata mimi bado sijui. Ulipata?"